Simu ya Linux kama simu pekee mfukoni: tupeane uzoefu kabla sijaagiza

Mwalimu wa Kihonda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu yuko Ujerumani, anarudi Desemba, kaniuliza aniletee nini. Simu yangu ya Android ina miaka mitano. Kioo kizima, betri bado inajitahidi, ila masasisho ya usalama yalikwisha zamani na programu ya benki imeanza kunionya kila nikiifungua. Kaka anapendekeza PinePhone, ile ya dola 199 yenye RAM ya GB 3. Nimeisoma usiku na mchana. Inaendesha Linux moja kwa moja, ule mfumo huria wa kompyuta, si Android. Betri unaichomoa kwa kucha kama kitochi cha zamani. Ukifungua mfuniko wa nyuma unakuta swichi sita ndogo: unazima modemu (kipande kinachoshika mtandao wa simu), wifi, maikrofoni, kamera moja moja, hata tundu la hedifoni. Nafundisha kompyuta sekondari, kwa hiyo moyo umeshapenda.

Sasa wenyewe wanaoiuza wanasema wazi kwamba wameilenga kwa watu wenye uzoefu wa Linux, si kwa kila mtu. Mimi nina simu moja tu. Mama yangu yuko Kilosa ananipigia kwa namba hiyo, wazazi wa wanafunzi vilevile, na mshahara wangu unaingia benki lakini matumizi yote yanapita kwenye simu.

Naomba aliyewahi kutumia simu ya aina hii, yoyote ile, kama simu ya kila siku kwa mwezi mzima au zaidi, aeleze yaliyomkuta. Kama ilikuharibikia, usitaje kampuni wala duka. Taja kilichotokea tu, tusije tukafungiwa uzi.

Fundi wa Aggrey

Mwalimu, kwa betri usiwe na hofu. PinePhone inapokea betri ya umbo la Samsung J7, na hiyo Kariakoo hukosi. Niliwahi kuifungua moja ya mteja: skrubu za kawaida, mfuniko hauna gundi, kila kipande unakiona. Fundi yeyote aliyezoea simu ataiweza. Siku ukivunja kioo ndipo utakaposubiri, maana hicho lazima kiagizwe nje. Kuhusu kuitumia siwezi kusema, sijaishi nayo.

Nesi wa Zamu

Naomba nieleze kwa urefu kidogo, maana jambo hili lilinigusa.

Mume wangu ni mtu wa kompyuta. Mwaka juzi alikuwa na simu ya Linux, na simu yangu ilipoibiwa kwenye daladala akanipa ile niitumie mpaka tupate nyingine. Wiki ya kwanza niliifurahia. Hakuna matangazo, hakuna kitu kinachokufuata, na ilikuwa inafungua kurasa za intaneti vizuri ingawa polepole. Kamera ilikuwa hafifu, picha za watoto zilitoka kama zimepigwa jioni, hilo nikalivumilia. WhatsApp haikuwepo. Mume wangu aliweka kitu kinaitwa Waydroid kinachoendesha programu za Android ndani ya Linux, WhatsApp ikafunguka, lakini ujumbe ulikuwa unaingia pale tu ninapoifungua mwenyewe.

Tatizo lilikuwa usingizi wa simu. Mume wangu alinielezea hivi: ili chaji ifike jioni, prosesa, yaani ubongo wa simu, inalala kabisa, inabaki modemu peke yake ikisikiliza mtandao. Simu ikipigwa, modemu inaiamsha prosesa, prosesa inaamsha skrini, ndipo mlio unasikika. Hapo zimeshapita sekunde kadhaa. Anayekupigia anasikia inaita tangu mwanzo, wewe unasikia mlio wa mwisho mwisho. Na mara nyingine modemu yenyewe inapotea, mpaka uwashe upya. Ukiikataza simu isilale, simu zote zinaingia, ila saa saba mchana chaji imekwisha.

Kazi yangu ina usiku wa kuitwa. Usiku mmoja wodini walinipigia mara nne kwa ajili ya mama aliyekuwa anatoka damu baada ya kujifungua. Simu ilikuwa pembeni ya mto, chaji asilimia sitini, kimya. Mara ya nne waliambiwa mteja hapatikani. Wakamtuma dereva, akanigongea dirisha saa tisa usiku. Mama yule alipona, Alhamdulillahi, kwa sababu mwenzangu wa zamu alikuwa hodari. Lakini nilipoichukua simu nikakuta haijaandika hata kwamba nilipigiwa.

Asubuhi ileile nilinunua kitochi na laini yangu ipo humo hadi leo. Simu ile ya Linux sikuichukia, mume wangu anaitumia kwa kazi zake. Mwalimu, jiulize ni nani anayeweza kukupigia usiku.

Mwalimu wa Kihonda

Dada pole sana, na ahsante kwa kutuambia. Mama yangu ana presha. Umenifanya nisimame kwanza.

Wa Likoni

Pole sana dadangu. Hayo ya usingizi nimeyaona pia, ingawa mifumo ya miaka ya karibuni imeboreka kiasi. Yangu sasa hukosa simu moja moja tu. Lakini kwa kazi ya nesi, hata moja ni nyingi.

Mie naongezea upande wa pesa, maana hapa kwetu simu ni pochi. Kuna vitu viwili watu huvichanganya. Kwanza ni zile namba za nyota na alama ya reli, *334# kwa huku kwetu, *150*00# kwa huko kwenu. Hizo zafanya kazi. Katika programu ya kupigia waandika kama kawaida, na siku ikikataa mimi hufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, naandika mmcli na amri yake ya ussd, yaani ya hizo namba za nyota, menyu yaja kwa maandishi, najibu namba moja moja hadi PIN. Nimemtumia mamangu pesa hivyo mara nyingi.

Pili ni menyu inayokaa ndani ya laini yenyewe, na kile kidirisha kinachokurukia dukani mwenye duka akikuomba ulipe: "weka PIN yako". Simu yangu ya Linux haikukionyesha hata siku moja. Nilisimama kwenye foleni ya supamaketi na mkokoteni umejaa, msichana wa malipo atuma ombi mara tatu, kwangu hakuna kitu. Nililipa taslimu, bahati nilikuwa nayo. Tangu siku hiyo natembea na mbili. Wasema mshika mbili moja humponyoka, ila mimi mbili ndizo zilizonituliza: ya kawaida ina laini na pesa, ya Linux ina kazi. Nikiwa kwenye feri naingia kwenye seva za ofisi kutoka ileile ya mfukoni, nikifika nyumbani naichomeka kwenye skrini kubwa na kibodi, inakuwa kompyuta. Hicho simu nyingine hainipi.

Mwalimu wa Kihonda

Bwana wa Likoni, na programu za benki ndani ya Waydroid?

Wa Likoni

Yangu ilikataa. Benki nyingi hupima kama simu imeidhinishwa na Google, na hapo haimo. Jaribu kupitia tovuti ya benki au namba ya nyota ya benki yako. Usihesabu programu.

Mkongwe wa Simu Huria

Vijana, hadithi hii si mpya. Mwaka 2008 nilikuwa chuo tukiifuatilia Neo FreeRunner ya Openmoko kwa hamu kubwa. Dola 399, michoro ya saketi na ya kasha imewekwa wazi kwa kila mtu, mfumo ni Linux. Haikuwa na kamera, haikuwa na 3G wakati wengine wameshaipata. Nyingine zilikuwa na mvumo ambao mtu wa upande wa pili anausikia ukiongea naye, na tiba iliyoandikwa na wahandisi ilikuwa ni kuchomelea kapasita. Fikiria simu ambayo ili uongee na shangazi yako unahitaji kwanza waya wa risasi wa kuchomelea na chuma chake. Waliokuwa na ujuzi waliifanya hivyo kwa mapenzi. Aprili 2009 kampuni ikasitisha simu iliyokuwa ifuate.

Kisha Nokia ikaleta N900 mwishoni mwa 2009. Hiyo ilikuwa imekamilika zaidi, ina kibodi ya kuteleza, inapiga simu barabara, na bado wenyewe Nokia walisema ni hatua ya nne kati ya tano. Februari 2011 wakaamua kwenda na Windows Phone. Mwalimu, wengi hapa wanakueleza simu inafanya nini leo. Mimi nakushauri uangalie pia ni nani ataishughulikia baada ya miaka mitatu. Hapo PinePhone ina nafuu moja kubwa: mifumo yake, postmarketOS, Mobian na mingine, haitengenezwi na muuzaji. Inatengenezwa na watu wa kujitolea ambao hawaachi kwa sababu bodi ya kampuni imekaa kikao. Ila ndio haohao wa kujitolea unaowasubiri modemu ikigoma. Hawana dawati la huduma kwa wateja, wala hawakudai kwamba wanalo.

Msafiri wa Minneapolis

Kwa walioko huku Marekani nina neno fupi. Mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo sauti inapita kwenye 4G au haipiti kabisa. Simu yangu ya Linux ilikuwa na intaneti safi, ila kupiga ilikataa: mtandao wangu una orodha ya simu unazozikubali kwa sauti, yangu haikuwemo. Wa Tanzania na Kenya mna 2G na 3G za kuangukia. Anayemletea ndugu simu kutoka nje ahakikishe pia IMEI yake, ile namba ya utambulisho ya simu.

Fundi wa Aggrey

Hilo la IMEI ni kweli. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walizima simu bandia Juni 2016 na watu wengi waliumia. Ukishaishika, tuma IMEI kwenda 15090 uone kama inatambulika.

Binti wa Tandika

Mwalimu, samahani, mbona usichukue simu ya kawaida ukaibadilisha mfumo? Mimi nina ya mtumba, nimeiweka LineageOS. Ni Android ileile lakini imesafishwa, masasisho yanakuja, haina programu za kulazimishwa, na simu zote zinaingia. Menyu ya laini ipo, kidirisha cha malipo kinakuja. Benki moja ilinikatalia, nyingine ikakubali. Kufanya hivyo kulinichukua Jumamosi moja na bando. Ukiangalia orodha ya simu zinazokubali kabla hujanunua, hupotezi kitu.

Mwalimu wa Kihonda

Dada, hili sikulifikiria kabisa. Nimeiangalia simu yangu ya zamani usiku huu, imo kwenye orodha.

Mwanachuo Dodoma

Mimi nataka kutetea simu hizi, kwa sababu wengine wanasoma hapa na watadhani hazina maana.

Nilipata ya mkono wa pili mwaka wangu wa pili wa chuo. Sikuwahi kuweka laini ndani yake hata siku moja. Ilikuwa inakaa mezani, nimeiunganisha na wifi ya hosteli. Nilijifunza humo jinsi kioo kinavyoongea na prosesa, jinsi modemu ilivyo kompyuta ndogo yenye mfumo wake, vitu ambavyo darasani tulikuwa tunavichora ubaoni tu. Siku moja niliona programu ya kupigia imeandika neno la Kiswahili vibaya, "wito" pale panapotakiwa "simu iliyokosa kupokelewa". Nikarekebisha maneno kumi na manane, nikatuma. Baada ya wiki mbili yakakubaliwa. Sasisho lilipokuja nikaona maneno yangu kwenye kioo changu. Nilimpigia baba kwa simu nyingine nikamweleza, hakuelewa vizuri lakini alifurahi kwa sababu mimi nilikuwa nalia.

Halafu kumbukeni, mwaka 2013 ilitoka simu inaitwa Keon, ya Geeksphone ya Hispania, kwa ajili ya watengeneza programu wa Firefox OS, mfumo wa simu wa Mozilla. Ilikuwa dhaifu, na Mozilla baadaye wakaacha simu kabisa. Lakini msimbo ule ndio uliozaa mfumo wa KaiOS, ambao uko kwenye vitochi vyenye intaneti wanavyotumia bibi zetu. Hawakuanza na ile ya 2013. Walikuja kuipata ilipokomaa.

Mwalimu, una darasa zima la watoto. Usiiweke mfukoni, iweke mbele yao.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, hapo umesema. Hata mume wangu anawafundishia vijana wa mtaani.

Mwalimu wa Kihonda

Nimesoma kila kitu mara mbili, nikampigia kaka leo asubuhi. Nimemwambia hivi: PinePhone aniletee, na betri moja ya akiba nitanunua kwa Fundi. Laini yangu haitoki kwenye Android. Jumamosi nitaiweka LineageOS kama Binti wa Tandika alivyofanya. Kwanza nitahamisha picha zote, na nitakwenda kwa mama Kilosa Ijumaa ili asinitafute siku hiyo akanikosa.

Binti wa Tandika, uko tayari nikuulize Jumamosi nikikwama? Nimeona wanasema lazima kufungua kufuli la buti kwanza, lile linalozuia simu kuwekwa mfumo mwingine, na kwamba inafuta kila kitu.

Binti wa Tandika

Inafuta kweli, kwa hiyo hamisha na namba pia, si picha tu. Niko hewani kuanzia saa tatu asubuhi. Chaji ijaze kabla hujaanza, na usitumie waya wa kuchajia wa bei rahisi kuunganisha na kompyuta, mimi ulinikatika katikati.