Naombeni ushauri: msamiati wa jinai kwa Kiingereza na wakati uliopita, nianze na kipi?

Mtoto wa Sakina
Wakuu habari zenu. Nipo Arusha, naanza cheti cha sheria mwezi wa kumi. Najua tangu sheria ibadilishwe 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, ila hukumu nyingi za kusoma bado ni za Kiingereza. Nimalize grama kwanza ndipo niguse msamiati wa makosa, au vyote pamoja? Hivi ndivyo ninavyoandika, msicheke: "Juma was stolen his phone at Kilombero. The thief did not stole alone. He came, break the bag and run."

Ngarenaro Juu
Vyote pamoja. Makosa yako karibu yote ni Kiswahili kinakufuata nyuma.

Kubwa ni hilo la "was stolen". Kwetu mtu anaibiwa simu. Kwa Kiingereza "steal" inashika kitu, haimshiki mtu. Kilichoibwa ni simu. Kwa hiyo "Juma's phone was stolen" au "Juma had his phone stolen". Kinachomshika mtu ni "rob": "Juma was robbed of his phone". Ila hapo lazima pawe na nguvu au vitisho, yaani unyang'anyi. Simu ikichomolewa mfukoni Juma hana habari, halafu wewe ukaandika "robbed", umeshampandishia mtu kosa zito zaidi.

"Did not stole": angalia Kiswahili chako mwenyewe. Aliiba, hakuiba. "Li" inaondoka, "ku" inashika zamu. Na huku "did" ikishabeba wakati, kitenzi kinarudi "steal".

Kisha kuna "ka". Sisi tukishasema "alikuja", tunatiririka tu: akapasua begi, akakimbia. Kiingereza hakina "ka", kila kitenzi kinabeba wakati wake: "He came, slashed the bag and ran." Na begi halivunjwi. "Break" ni ya kufuli, mlango, dirisha.

Kijiwe cha Rau
Mbona rahisi, kariri ile orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni, imeisha hiyo.

Mwalimu Pasua
Kijiwe, orodha nzima ni ya nini? Vya jinai vinavyojirudia havizidi kumi na kitu: stole, broke, shot, caught, fled, swore, found, fought, hid. Viwili vina mtego. Aliyenyongwa ni "hanged". "Hung" ni koti ukutani. Na "lied" ni alidanganya, "lay" ni alilala. Shahidi akisema maiti "lied on the floor", hakimu atashangaa.

Mtoto wa Sakina, kitakachokusumbua zaidi ni kile kineno kinachofuata kitenzi. Usiandike "charge" peke yake daftarini, andika kifungu kizima kikiwa tayari wakati uliopita: was arrested for, was accused of, was charged with, pleaded guilty to, was convicted of, was acquitted of, was sentenced to. Vifungu saba, na ni safari nzima ya mshtakiwa toka kukamatwa hadi hukumu. Vipange kwa mfuatano huo, vitakaa kichwani.

Jambo lingine: hati ya mashtaka utakuta "did steal one mobile phone". Si kosa, ni mtindo wa hati. Usiuhamishie kwenye insha, huko andika "stole".

Ngarenaro Juu
Naongeza la kamusi. Uingereza, tangu Theft Act ya 1968, "burglary" haiangalii saa. Kanuni ya Adhabu yetu inaangalia: kuvunja nyumba usiku ni "burglary", mchana ni "housebreaking". Ukitegemea kamusi ya London peke yake utajibu vibaya mtihani wa hapa.

Mazoezi: ingia TanzLII, tovuti yenye hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, au tovuti ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, ambako kuna kesi nyingi za wafungwa wa Tanzania waliohukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Chukua aya mbili tu za maelezo ya tukio. Pigia mstari kila kitenzi, zitafsiri kwa Kiswahili, funga. Kesho yake zirudishe Kiingereza toka kwenye Kiswahili chako, ndipo ulinganishe. Ukichukua hukumu nzima utachoka ukurasa wa tatu.

Kijiwe cha Rau
Haya, nimekubali. Na matamshi je? Wengi wetu tunasema "robb-edi".

Mwalimu Pasua
"Ed" inasikika kama silabi pale tu kabla yake pana sauti ya t au d: arrested, convicted, pleaded. Kwingine inamezwa: "robbed" na "charged" zinaishia d, "kidnapped" na "searched" zinaishia t.

Mtoto wa Sakina
Asanteni sana. Nimejaribu tena: "The accused broke the lock and stole a radio. When the police arrived, he already fled. He was charged for burglary."

Mwalimu Pasua
Mstari wa kwanza safi. Polisi walipofika alikuwa *ameshakimbia*, si alikimbia: "he had already fled". Halafu "charged with". Na hujatuambia ilikuwa usiku au mchana, wala kwamba kufuli lilikuwa la nyumba.