Makocha wa akademi za watoto, acheni kugawa namba kwa kuangalia urefu na mguu!

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la malezi, tatizo hapa ni mpira.

Nina kijana wa miaka 10, mashoto. Hiyo ndiyo dhambi yake. Siku ya kwanza kwenye hii akademi (sitaji jina, wahusika wamo humu na watajijua) kocha alimwona akipiga mpira na mguu wa kushoto, akamnyooshea kidole pembeni: "Wewe namba 3." Yaani beki wa kushoto. Basi, kesi imefungwa. Mazoezini namba 3, mechi namba 3, bonanza namba 3. Hajawahi kuulizwa anapenda kucheza wapi, hajawahi kujaribiwa sehemu nyingine hata kwa dakika tano za mwisho timu ikiwa inaongoza mabao manne.

Na wenzake ni hivyo hivyo. Mrefu kuliko wote? Namba 5, beki wa kati. Ana mbio? Winga, hata kama mpira ukimfika unamgonga ugoko na kutoka. Mnene? Kaa golini. Mtoto wa mzee anayetoa gari la kubebea timu? Namba 10, yule mchezesha timu, na kitambaa cha unahodha juu yake.

Sasa niwaeleze kilichonipandisha hasira mpaka nikaamua kuandika. Bonanza la Jumamosi. Kijana kapokea mpira kwenye mstari, winga wa wenzao kaja kwa kasi, dogo akauvuta kwa soli, jamaa akapita mzima mzima. Mbele kweupe, kiungo wetu yuko peke yake anaomba pasi. Kocha kutoka benchi: "Toa! Toa hiyo! Wewe beki bwana!" Mtoto akashtuka, akaubutua ukatoka nje upande wa mama lishe. Kocha akapiga makofi: "Safi sana!"

Yaani kapiga chenga, kanyanyua kichwa, kaona pasi, akafokewa. Kabutua nje bila kuangalia, akapongezwa. Kipindi cha pili akapanda na mpira mpaka karibu na boksi, akafanyiwa sabu hapo hapo. Kosa lake kaacha namba yake. Njiani ananiuliza, "Baba, kwani beki haruhusiwi kuvuka kati?" Nimjibu nini?

Na kabla hamjanirukia: sina ugomvi na namba 3. Gareth Bale alianzia beki wa kushoto, Tottenham wakamsogeza mbele, mwaka 2013 Real Madrid wakavunja rekodi ya dunia kumnunua. Thierry Henry alifika Arsenal mwaka 1999 akitokea kucheza pembeni, kocha Wenger akamfanya mshambuliaji wa kati, yaliyofuata mnayajua. Philipp Lahm wa Bayern Munich kacheza beki wa kulia, beki wa kushoto, na kocha Guardiola akamfanya kiungo akiwa mtu mzima. Hapa nyumbani Erasto Nyoni tulimwita kiraka, na hilo lilikuwa jina la heshima: beki wa pembeni, beki wa kati, kiungo mkabaji, popote unapomweka kazi inafanyika. Novatus Dismas ni kiungo, lakini Ulaya kapangwa mpaka beki wa kushoto na akaendelea kula mshahara. Hao wote wangepitia mikononi mwa kocha wetu, wangeambiwa "rudi namba yako" wakiwa na miaka 10 na mambo yangeishia hapo.

Mtoto anayecheza pembeni miaka yote anajifunza nusu ya mchezo. Mgongoni ana mstari, hakuna mtu anayemtokea huko. Kiungo anazungukwa, lazima aangalie nyuma ya bega kabla mpira haujafika, na hiyo tabia huwezi kumfundisha mtu akiwa na miaka 17 kwa maneno ya ubaoni. Mshambuliaji anajifunza kupokea akiwa na beki mgongoni. Beki wa kati anajifunza kusoma pasi kabla haijapigwa. Mtoto akionja zote hizo, ukija kumpa namba yake ya kudumu akiwa na miaka 14 au 15 anakuwa anajua mwenzake anataka mpira wapi na adui yake anaogopa nini.

Halafu suala la urefu, hapa ndipo makocha wetu wananimaliza kabisa. Watoto hawakui kwa ratiba ya TFF, shirikisho letu la soka. Yupo anayerefuka ana miaka 11, yupo anayerefuka ana 15. Huyo mrefu wenu wa namba 5 leo anashinda kila mpira wa juu kwa sababu wenzake wanamfika kifuani. Hamjamfundisha kutuliza, hamjamfundisha kugeuka, hamjamfundisha kutumia mguu wa pili, maana kila mpira ukimfikia ni butu. Miaka mitano baadaye wote wamefikia kimo chake, na yeye anabaki na nini? Hana kimo cha kumsaidia, hana miguu. Mmemtumia kubebea makombe ya plastiki halafu mnasema "alikuwa mzuri utotoni, kashuka kiwango." Hajashuka, hamkumpandisha popote.

Na yule mdogo mwenye akili ya mpira mmemweka benchi mpaka kaacha. Nawajua wa namna hiyo mtaani kwetu, sasa hivi wanacheza FIFA kwenye vibanda vya gemu.

Kipa nimwonee huruma kidogo. Mtoto wa miaka 10 anasimamishwa kwenye goli la mita 7.32 kwa 2.44, goli lile lile analosimama kipa mkubwa kama Aishi Manula. Mpira ukipigwa juu kidogo ni goli, afanye nini? Halafu analaumiwa yeye. Na wenzake wameshajifunza kwamba njia ya kufunga ni kupiga juu kutoka mbali, hakuna haja ya kupasiana. Mbaya zaidi uwanja ni ule ule wa wakubwa, 11 kwa 11, vitoto vimetawanyika huko kama havijuani. Kuna mechi kijana wangu anagusa mpira kwa kuhesabu na vidole. Utakuwaje mchezaji kwa kusimama?

Uingereza kwa miaka mingi wamewapangia watoto wa chini ya miaka 10 saba kwa saba, chini ya 12 tisa kwa tisa, viwanja vidogo na magoli madogo. Wajerumani msimu wa 2024/25 wakafanya lazima nchi nzima: wadogo kabisa watatu kwa watatu na magoli madogo manne, wakikua kidogo watano, halafu saba. Hii haihitaji mamilioni. Unachukua koni, unaugawa uwanja mmoja vipande vinne, unaweka fimbo za magoli. Ukiwa na watoto wachache kila mmoja analazimika kukaba, kushambulia, kupokea, kufunga. Namba zenyewe zinajifuta.

Najua mtaniambia "mzee umeongea na kocha?" Nimeongea naye, kwa heshima zote, nikamwita mwalimu. Jibu: "Mzazi, sisi tunatafuta kombe. Ukitaka dogo acheze kila sehemu mpeleke chandimu." Alidhani kanitukana. Chandimu, mpira wa mtaani, ndiko tulikojifunza wengi wetu! Kipa mnapokezana, aliyechoka anarudi nyuma, mwenye pumzi anapanda, na ukibutua mpira ukaingia uwanja wa bibi fulani unaufuata mwenyewe, hivyo unajifunza haraka kutobutua. Ila chandimu haikunitoza ada ya kila mwezi, hela ya jezi, hela ya bonanza na "mchango wa maji". Kama huduma ni ile ile ya mtaani, pungufu ya uhuru, pesa yangu inalipia nini?

Na hilo kombe lenyewe linatafutwaje? Kwa vijeba, wakubwa waliopunguziwa umri. Kwenye bonanza la "under 11" kuna dogo ana sauti ya besi na kivuli cha ndevu, anacheza namba 9, mshambuliaji wa kati. Mchezo mzima ni kumtupia mipira yeye. Makocha wote wanajua, waandaaji wanajua, wazazi tunajua, tunapiga makofi. Sasa kwenye mpira wa hivyo beki wangu wa miaka 10 kazi yake ni nini zaidi ya kubutua kwenda kwa mjomba?

Ndiyo maana tukifika mbele tunaumbuka. Mwaka 2019 tuliandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17 hapa hapa Dar. Nigeria tukawafunga manne, wakatufunga matano. Uganda wakatupiga tatu bila. Angola nne kwa mbili. Tumefungwa mabao 12 ndani ya mechi tatu, uwanja wa nyumbani. Wale vijana walikuwa na vipaji, aliyeangalia mechi ya Nigeria anajua. Ila kutulia na mpira mkiwa mnaongoza, kuupoza mchezo, kujua nani anaziba pengo beki akipanda, hivyo vitu havifundishwi kambini kwa wiki chache. Vilitakiwa viwe miguuni tangu wana miaka 10, kipindi ambacho mtu alikuwa anawafokea "toa hiyo!"

Wazazi na sisi tunachangia, tusijifanye malaika. Kuna mama mmoja kila mechi anapiga kelele "piga mbeleee!" mpaka waamuzi wanacheka. Lakini mzazi halipwi kufundisha. Kocha analipwa.

NYONGEZA: Naona mdau hapo chini ameandika "ukibadilisha watoto namba kila siku hawatajua lolote." Mkuu, sijasema kila siku. Mwache mtoto sehemu moja wiki kadhaa, ajifunze, msogeze nyingine. Mechi za kirafiki zipo za nini? Na kwa umri huu kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi, hata yule wa mwisho.

Kingine, mnaosema "hamisha mtoto", ndicho ninachotaka. Nipo maeneo ya Tabata. Kama unajua akademi ambayo watoto wa umri huu wanachezeshwa uwanja mdogo na wanazungushwa namba, weka hapa hapa kwenye uzi, useme ada ni kiasi gani na mazoezi ni siku zipi. Msiniambie njoo PM, kuna wazazi wengine wanasubiri jibu hilo hilo.