Pikapu ya kubeba asali na kuvuta tela Sikonge: mkonga wa zamani au dabo kebini mpya kidogo?

MamaMizinga (Tabora)

Wakuu, mwangaluka. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela, maana hela yenyewe nimeidunduliza misimu minne.

Mimi nanunua asali. Wafugaji wangu wako Sikonge, kuanzia Ipole ukiacha lami ya Mpanda kushika njia ya Rungwa, halafu unaacha hata hiyo njia ya Rungwa unaingia porini. Nabeba ndoo hadi Tabora mjini, nachuja, nafungasha, nauza. Miaka yote nimekodi Canter. Sasa mwenye Canter ameshajua kwamba mwezi wa saba sina pa kukimbilia, kila msimu bei inapanda, na kuna njia za ndani Canter haipiti, inabidi asali ije kwa baiskeli hadi barabarani.

Mwaka jana shemeji yangu aliniazima dabo kebini yake. Nikafunga tela langu la magurudumu mawili, nililichongesha hapa mjini, juu yake tangi la lita elfu moja, lile jeupe la plastiki lenye kizimba cha chuma. Nikalijaza asali. Mgongoni mwa gari nikapanga ndoo. Tukiwa kwenye kiteremko cha kuelekea darajani, mpwa wangu akagusa breki, tela likaanza kucheza. Mwanzo kidogo tu, kama mkia wa mbuzi. Mara likawa linaitupa gari lote, kushoto, kulia. Kwenye kioo cha pembeni naona tela, naona miti, naona tela tena. Tulikuja kusimama tukiwa tumeangalia tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Asali haikumwagika hata kikombe, ila kifuniko cha tangi kilikuwa kimelegea, na nyuki walifika pale kabla ya watu.

Kwa hiyo nataka gari langu, na nataka la kuvuta kweli. Bajeti yangu ni milioni 70. Nina chaguo mbili mkononi:

La kwanza ni Land Cruiser pikapu, ule mkonga, singo kebini, injini ya 1HZ, gia za mkono, madirisha ya kuzungusha, viti vya plastiki, sakafu ya mpira. La zamani hasa, shirika moja linaliuza.

La pili ni Hilux dabo kebini, otomatiki, lina skrini, viti vya ngozi, kapeti. Jipya zaidi kwa miaka mingi. Bei karibu sawa. Mpwa wangu ameshalipiga picha kaweka kwenye status.

Mimi moyo uko kwenye lile la kwanza kwa sababu moja ambayo wanaume wa gereji wakiisikia wanacheka: sakafu ya mpira. Asali ikidondoka kwenye kapeti haitoki. Unafuta, unaosha, kesho asubuhi unakuta sisimizi wamechora mstari kutoka ukutani mpaka chini ya kiti cha dereva. Gari la shemeji bado wanalo.

Nisaidieni.

Kijana_wa_Mbezi (Dar)

Dada usijitese na chuma cha zamani. Chukua dabo kebini. Au ukitaka mambo ya kuvuta haswa, agiza zile za Marekani. Wenzetu kule wana pikapu za kazi za daraja la chini kabisa, hazina mbwembwe: Ford F-250 ile ya XL, Ram 2500 Tradesman, Chevrolet Silverado 2500 Work Truck. Viti vya plastiki na sakafu ya mpira kama unavyotaka, lakini chini ya boneti unaweza kupata dizeli ya lita 6.6 au 6.7. Zinavuta tani sita na zaidi bila jasho.

FundiDizeli (Tabora)

Kijana, ni gari zuri, sibishi. Usukani uko kushoto, nozeli ikifa akiwa Sikonge atasubiri ndege. Tuendelee.

Dada yangu, pole na tela. Nimesoma mara mbili, na kabla ya kuongelea gari nikuulize: hilo tangi ulilihesabu lina kilo ngapi?

MamaMizinga (Tabora)

Lita elfu, tani moja.

FundiDizeli (Tabora)

Hapo ndipo gari lilipogeukia. Lita elfu ni tani moja ikiwa maji. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi. Wewe ndoo yako ya lita 20 unaijua kwa mgongo, ina kilo 28, siyo 20. Basi tangi lako lilikuwa na tani 1.4. Ongeza tangi lenyewe na kizimba chake, ongeza chuma cha tela, maana mafundi wetu wanachomelea kama wanajenga daraja. Ulikuwa unavuta karibu tani mbili.

Na nina hakika tela halina breki. Hilux na Land Cruiser zote mbili, mwenye kiwanda anakuwekea mwisho wa kilo 750 kwa tela lisilo na breki. Zile tani tatu na nusu watu wanazotaja vijiweni ni kwa tela lenye breki zake. Wewe ulivuta kilo 750 mara mbili na nusu. Hata ungekuwa na hiyo F-250 ya kijana, tela lingekusukuma tu kwenye kiteremko.

La pili ni ulimi wa tela, pale linaposhikana na gari. Pale panatakiwa pakalie kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Tela la tani 1.9 likalie na kilo 190. Ikiwa mzigo umekaa nyuma ya ekseli, ulimi unakuwa mwepesi, unanyanyua mkia wa gari, na tela linaanza kucheza kama ulivyosimulia. Likianza, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aachie mafuta, ashike usukani umenyooka, gari lipoe lenyewe.

Kapime. Usitumie mizani ya bafuni, itapasuka. Nenda ghala lolote lenye mizani ya belo za tumbaku, weka ulimi juu ya mizani, tela likiwa sawa na ardhi, tangi limejaa. Jaza maji tu, hesabu inajulikana.

Sasa injini. Nitakuambia ukweli ambao wapenzi wa mkonga hawaupendi: 1HZ ina cc 4164, silinda sita, haina tabo, na nguvu yake ya kukokota ni ndogo kuliko ya Hilux ya 2.8 yenye tabo. Siyo kidogo, mbali. Na Tabora tuko mita 1200 juu ya bahari, injini isiyo na tabo inavuta pumzi nyepesi. Ukiwa na tani mbili nyuma, kwenye mlima utashusha gia na baiskeli zitakusalimia. Ila haina kompyuta ya kuiomba ruhusa. Pampu yake ni ya mitambo mitupu. Hizi mpya, dizeli ikiwa na maji au mchanga, nozeli zinakwenda, na nozeli zake utazililia.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Dizeli unanunua wapi?

MamaMizinga (Tabora)

Sikonge mjini kuna vituo. Lakini ndani nanunua kwenye madumu dukani, wanachuja kwa kitambaa cha kanga.

FundiDizeli (Tabora)

Kanga imekujibu.

MzeeWaBani (Urambo)

Mwanangu, mimi nimebeba tumbaku na kuni za mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, kwa pikapu tangu hao wanaobishana hapa hawajazaliwa. Fundi kasema vizuri, naongeza machache.

Singo kebini usiiache. Kitanda chake cha nyuma ni kirefu, mzigo unakaa katikati. Dabo kebini kitanda kinaishia mita moja na nusu, na mzigo mwingi unakalia nyuma ya ekseli. Ukiongeza na tela, taa za mbele zinaangalia nyota.

Na kuna hesabu watu hawaifanyi. Zile kilo za ulimi anazosema fundi zinabebwa na gari. Ndoo 30 kwa kilo 28 ni kilo 840. Ulimi 190. Wewe na dereva mnene mmoja, 160. Hiyo ni karibu tani moja na mbili mgongoni kabla hujaweka jeki na dumu la maji. Fungua mlango usome kibati cha uzito, usisikilize muuzaji. Mimi ningejaza tangi lita 700 niishie hapo, au ndoo nusu. Na usisahau mizani ya barabarani, kuanzia tani tatu na nusu unatakiwa kupita.

Tairi: mkonga wenye rimu za chuma na tairi za tyubu za 7.50R16, hizo mtoto yeyote mwenye pampu anaziba pancha chini ya mwembe. Rimu za kung'aa ukigonga kisiki imekwisha habari.

La mwisho, magari ya mashirika. Yametunzwa kwa karatasi, kila huduma imeandikwa, lakini yamepigwa na barabara. Lala chini ya gari. Usione aibu, wewe ndiye mwenye hela. Angalia chasisi nyuma ya kebini, pale kebini inapoachana na kitanda. Chuma kikichoka kinaanza kuchokea pale. Angalia rangi mpya. Rangi mpya chini ya gari la zamani, jiulize inaficha nini.

Halafu nikuulize kama mzee: kwani huwezi kwenda safari mbili?

MamaMizinga (Tabora)

Mzee shikamoo. Safari mbili ni dizeli mara mbili, na asali ikilala kwa mfugaji usiku mmoja zaidi, mnunuzi mwingine anaikuta.

Nimefanya kazi yenu, narudisha majibu.

Ghalani wamenipa mizani baada ya kuwaachia chupa mbili za asali. Tangi limejaa maji, ulimi ukasoma kilo 35. Tukaangalia vizuri, kumbe yule aliyenichongea tela aliweka ekseli katikati kabisa, na tangi nililisogeza nyuma mwenyewe ili bomba la kutolea lifikike kwa urahisi. Mimi mwenyewe. Mwaka mzima nimemlaumu mpwa wangu na breki yake.

Tumesogeza tangi mbele hatua moja kubwa, ulimi ukasoma 110. Bomba sasa nalifikia kwa kupanda juu ya tela na gauni langu, lakini ni sawa.

Nikaenda kulitazama gari la shirika. Nikachukua fundi wa gereji ya jirani (siyo huyu wa humu) na mpwa wangu. Fundi muda wote anaongea na mpwa. "Injini iko vizuri kaka, difu iko vizuri kaka." Mpwa hajui difu ni nini. Nikatandika khanga nikalala chini. Injini kweli iliwaka kwa ufunguo mara moja, kavu, haina moshi. Springi za nyuma, yale mabapa yaliyopangana, mawili ya chini yamepasuka. Hilo ningelivumilia. Lakini nyuma ya kebini, upande wa kulia, kuna bati limechomelewa juu ya chasisi, urefu kama wa kiganja, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Nikaligusa, kidole kikatoka cheusi. Rangi ya juzi.

Nikamwuliza yule fundi, hii nini? Akamgeukia mpwa akasema, "Hiyo ni kuimarisha, kaka."

Nimeliacha.

FundiDizeli (Tabora)

Umefanya vema. Chasisi iliyochomelewa ya kubeba ndoo tu ningekuambia jadili bei. Ya kuvuta tela, hapana.

Ulimi 110 umetoka mbali ila bado mwepesi. Sogeza ekseli nyuma kidogo badala ya kusogeza tangi zaidi, na ukiwa hapo kwenye kuchomelea, waweke breki. Kuna zile rahisi zisizohitaji umeme: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma ulimi ndani, ulimi unavuta waya, waya unakaza breki za tela. Vyuma vyake vinapatikana kwa wanaouza ekseli zilizotumika. Anza na hilo hata kabla ya gari. Ukishindwa kupata mkonga msimu huu, Hilux singo kebini ya zamani isiyo na kompyuta, ikiwa na tela lenye breki na lita 700, itakufikisha polepole.

MzeeWaBani (Urambo)

Marahaba mwanangu. Nzega kuna mkonga singo kebini mmoja, mwenyewe alikuwa anabebea mpunga, hakuwahi kuvuta kitu. Nimekutumia ujumbe pembeni.

MamaMizinga (Tabora)

Nimeuona mzee, asante. Jumamosi nakwenda, na khanga ya kulalia nimeshaiweka kwenye mkoba. Tela nimelipeleka kukata ekseli leo asubuhi.

Mpwa wangu ameuliza kama hilo la Nzega lina redio. Mwenye gari kajibu kwamba lina tundu la redio.