Pikipiki mpya, mafundi wawili, kila mmoja na lake. Nimsikilize nani?

Karoti za Soni: Wakuu, habari za jioni. Nimetoa pikipiki dukani Tanga juzi, 125 ya gia nne. Sikuiendesha, nimeipakia kwenye Fuso mpaka Mombo na sasa imelala kwa shemeji. Imetembea kilomita 6 tu. Kijitabu chake kinasema nisizidi spidi 45 mpaka ifike kilomita 1000. Fundi wa kwanza kaniambia nitembee 30 mwezi mzima, tena kwenye gia ya nne ili injini isipige kelele. Wa pili kacheka sana: ati pikipiki mpya inapigwa mafuta yote siku ya kwanza, la sivyo itakuwa nzito maisha yake yote. Kwenye dashibodi kuna mshale wa spidi tu, mita ya mizunguko haina, kwa hiyo hata sijui gia nibadilishe wapi. Nisaidieni kabla sijaipandisha Lushoto.

Mzee wa Vumbi: Hongera mkuu. Picha iko wapi?

Spana 14: Wote wawili wamekupa nusu nusu. Silinda mpya si laini kama kioo. Kiwandani huchorwa michirizi myembamba inayokatizana, na ringi za pistoni zinatakiwa zisagane na michirizi hiyo mpaka zikae sawasawa. Kinachozisukuma zibane ukutani ni gesi inapolipuka. Ukiiendesha kinyonge kila siku, msukumo unakuwa mdogo, oili inaungua na kuziba michirizi, ukuta unateleza kama sahani. Ndiyo hizo unazokutana nazo, pikipiki haijamaliza mwaka na inatoa moshi wa bluu. Ukiikaba mpaka mwisho nako, joto linapanda, pistoni inatanuka kuliko nafasi yake na inashika, yaani inakwama ndani ya silinda.

Fanya hivi: iwashe, ipe dakika moja au mbili, ondoka taratibu. Ikishapata moto, fungua mafuta hadi nusu, itoke 20 ifike 40, halafu achia mkono ishuke yenyewe bila kukamata klachi. Rudia hivyo hivyo. Usikae spidi moja nusu saa nzima, na usiiache ikiunguruma kijiweni mnapiga stori.

Bonde la Ufa: Mimi yangu niliikaba siku ya kwanza na leo ina kilomita 60,000, haijafunguliwa.

Spana 14: Una bahati, mkuu. Hapa gereji nawaona wenzako waliokosa.

Karoti za Soni: Asante fundi. Na gia?

Mama Bodaboda: Gia utaisikia kwenye kiti, kaka. Ukifungua mafuta pikipiki ikatetemeka, ikagugumia na haiendi, umepanda gia mapema. Rudisha moja. Huyo aliyekwambia gia ya nne kwa 30 ndiye anayekuulia injini, kwa sababu utulivu ule si raha, ni mzigo. Kwenye lami tambarare 125 yangu naiingiza ya pili kwenye 15, ya tatu kwenye 25, ya nne kwenye 38 hivi. Mlimani sahau hizo namba.

Mtoto wa Magamba: Hapo kwenye mlima nisikilize mimi, maana nilishalipa ada. Ya kwangu ilikuwa na kilomita 300 nilipoipandisha kutoka Mombo mchana wa jua, mshikaki (abiria wawili) nyuma na kiroba cha karoti kwenye tangi. Nikaona aibu kurudi gia ya pili, nikaisukuma na ya tatu. Kabla ya Soni injini ikashika, tairi la nyuma likaburuza, tukabaki tunatazamana. Pistoni na silinda nilinunua upya. Panda alfajiri, peke yako, gia ya pili na ya tatu, Soni pumzika mpaka ipoe. Na wakati wa kushuka usipige fri wala kuzima ati unaokoa mafuta. Acha gia ndiyo izuie.

Spana 14: Naongezea: oili ya kwanza imwage kwenye kilomita 500, usingoje. Imimine kwenye chupa iliyokatwa uitazame juani, utaona inametameta unga wa chuma. Weka 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kiwango cha oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, ukitia ya gari inaweza kuanza kuteleza.

Karoti za Soni: Mrejesho, wakuu. Nimepanda leo saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kona moja niliisikia ikigugumia, nikarudi ya pili, sauti ikafunguka. Soni nimekunywa chai vikombe viwili nikiisubiri. Sasa ina kilomita 47. Shemeji kashapiga simu mara tatu anaulizia viroba vyake, nimemwambia kwanza imalize 1000.

Mzee wa Vumbi: Picha bado.