Tupeane uzoefu: nani mwingine alisoma daftari la Neema na Masima bwenini?

Binti wa Korongo

Wakuu, juzi nilikuwa natoka Mpwapwa kuja mjini, gari likasimama darajani kupisha ng'ombe. Chini korongo kavu, akina mama wawili wamepiga magoti mchangani wanateka maji kwa kata, kisima chenyewe upana wake kama beseni. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Masima." Abiria wa pembeni akageuka kuniangalia. Tangu siku hiyo sina raha, bora niseme.

Waliosoma bweni za wasichana huku kwetu miaka ya 2004 hadi 2008 wananielewa. Ile riwaya ya kuandikwa kwa mkono, kaunta buku tatu, inapita kitanda hadi kitanda, unapewa usiku mmoja tu na kesho yake zamu ya mwenzio. Neema wa kidato cha tatu anakwenda korongoni kwa sababu bomba la shule limekauka. Anachimba, maji yakianza kujaa anaona uso wa kijana unamtazama kutoka chini, naye ameshika kata. "Mbukwa," anamsalimia kwa Kigogo. Kwa Masima ni mwaka 1918, ametoroka kwenye upagazi wa vita, kijiji chao kina njaa.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu 2006, mwaka ule wa ukame na mgawo wa umeme. Tulikuwa tunasoma kwa koroboi chini ya shuka, ajabu hatukuchoma bweni. Nilimpenda yule kijana kwa namna ambayo sijawahi kumweleza mtu, hata mume wangu. Sisi daftari la tatu lilichukuliwa na matroni likiwa halijafika kwangu. Naomba kila aliyesoma aseme lilimfanyia nini. Na mwenye mwisho wa hadithi anisaidie.

Zabibu za Hombolo

Dada umenikumbusha mbali sana. Pale Masima anapomwambia asimwonee huruma, amkumbuke tu, nililia mpaka monita akaja na tochi.

Mama Wawili

Mimi lilinifanya nilime. Msicheke. Mnakumbuka sharti la kisima: kitu ulichopewa hakivuki, kinavuka ulicholima kwa mikono yako. Neema anachukua ugali wa bwalo anauzamisha, unarudi juu umelowa. Anachukua mkate aliotumiwa na mama yake, vilevile. Ndipo anapanda uwele nyuma ya bweni, anaulinda na ndege miezi yote ile, na kule Masima anazidi kukonda. Zile kurasa za kungoja uwele ukomae ndizo zilizoniua. Kila siku anakwenda kisimani na hana cha kumpa, wanaongea tu. Anamweleza kuhusu taa za umeme, Masima anamfundisha kusikiliza mchanga ili ajue maji yako umbali gani.

Likizo nikaenda kwa bibi kijijini, nikaomba kipande cha shamba. Mama yangu alishangaa, maana jembe nilikuwa nalikimbia. Bibi akaniuliza nimepatwa na nini, nikamsimulia hadithi nzima. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Hiyo ni Mtunya, ile njaa kubwa. Mama yangu aliachwa kwa watu baki kwa vibaba vya mtama." Nilikuwa na miaka 17 na nilikuwa sijawahi kuambiwa. Nyumbani kwetu habari hiyo ilikuwa haizungumzwi. Kwa hiyo aliyeandika lile daftari, popote alipo, mimi namshukuru kila msimu nikipanda.

Mzee wa Reli

Nilisoma la dada yangu kwa kuiba. Hadithi nzuri, ila mwandishi alikosea jambo moja. Anasema Masima alipoona treni kwa macho ya Neema alishangaa kwa kuwa hajawahi kuiona. Haiwezekani. Reli ya kati Wajerumani waliifikisha Kigoma 1914, kwa hiyo Dodoma ilikuwa imepita kitambo. Waingereza waliingia Dodoma Julai 1916. Mpagazi wa 1918 asijue treni?

Zabibu za Hombolo

Kaka, alishangaa treni ya abiria wanaocheka. Yeye treni aliyoijua ilibeba askari na wapagazi. Soma tena.

Mzee wa Reli

Nisome tena wapi na madaftari yamechomwa?

Mwana wa Bahi

Tuwe wakweli, kuna hatari humu. Kijana anaongea kutoka majini, ana miaka karibu 90 tangu afe, binti anampelekea chakula. Sisi tunaofuata dini tunajua hicho ni kitu gani. Mnasifia tambiko mnaliita mapenzi.

Mama Wawili

Mwana wa Bahi, Masima si mzimu. Hajafa. Yuko hai mwaka wake, Neema yuko hai mwaka wa kwake, kisima ndicho kinachowakutanisha. Mwandishi alilisema hilo waziwazi daftari la kwanza, pale Neema anapomgusa vidole na vikawa vya moto.

Mwana wa Bahi

Vya moto ndiyo nasema sasa.

Mtani Kutoka Iringa

Mimi naomba kuuliza ambacho hakuna aliyeuliza. Wote wawili wa sehemu moja, kijiji kimoja, miaka 90 kati yao. Kuna mtu aliuliza ukoo? Isije kuwa binti anampenda babu wa babu yake.

Binti wa Korongo

Mtani huliachi! Lakini hilo tuligombania bweni zima. Wagogo ukoo wanauita mbeyu, mbegu. Kuna waliosema ndiyo maana ya uwele: asipompelekea mbegu, yeye mwenyewe Neema hatazaliwa. Upande wetu wa vitanda tulikataa kabisa. Yupo aliyenuniwa muhula mzima kwa kusema Masima ni babu.

Mtani Kutoka Iringa

Basi aliyenuniwa ndiye alikuwa na akili kuliko wote.

Mzee wa Reli

Kwa wasiojua: Mtunya si ya kubuni. Ilianza 1917 ikaenda hadi 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, wanaume wakachukuliwa upagazi, kisha mvua ikakataa. Wanahistoria wanakadiria Ugogo ulipoteza watu kama 30,000 katika 150,000. Hata jina la Kariakoo kule Dar linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mimi nilisoma historia mpaka kidato cha sita na sikuwahi kulisikia neno Mtunya darasani.

Nakala ya Kijani

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Nilikuwa nimeamua nisichangie. Naombeni uvumilivu, ni ndefu.

Mimi nilikuwa mnakili. Shuleni kwetu madaftari yalikuwa yanachakaa, kwa hiyo wenye mwandiko mzuri tulipewa kazi ya kuyaandika upya. Malipo ilikuwa sukari kikombe kimoja kwa kila daftari. Nilinakili daftari la pili kwa peni ya kijani kwa kuwa ya bluu ilikuwa imekwisha. Nilipofika katikati nikakuta karatasi mbili zimechanwa. Pale Masima anaacha kuonekana, na Neema hajui kama amekufa au kisima kimemkataa. Kurasa za kilichofuata hazipo. Ukurasa unaoendelea unaanza tayari wameonana tena.

Sikuweza kuacha pengo. Nikaandika mwenyewe. Niliandika mistari sita hivi, na mmoja wao naukumbuka neno kwa neno hadi leo: "Neema akaenda peke yake usiku wa mbalamwezi, akaingia katikati ya korongo, kwa kuwa maji ya usiku hayana mwaka." Nilijiona mwandishi. Wenzangu waliupenda mstari huo kuliko yote, waliuandika nyuma ya madaftari ya hesabu, kuna aliyeuchora ukutani chooni.

Nilikuwa na rafiki, kitanda cha chini yangu. Simtaji. Mwaka ule baba yake alikuwa amefariki, muhula ulikuwa umeanza yeye akachelewa kwa ajili ya msiba. Alirudi akawa msomaji mkubwa wa lile daftari, na mimi nilifurahi kwamba angalau anasoma kitu. Sikuelewa anakisoma vipi.

Ilikuwa Desemba mwanzoni, mvua bado. Mbalamwezi kali, unaona hata kokoto. Niliamka usiku nikainamia chini, kitanda kitupu. Nilijua hapohapo. Sikuamsha matroni, kwa kuogopa adhabu, na hilo nalo linanikaa moyoni. Nilitoka kwa kupitia uzio wa minyaa nikakimbia mpaka korongoni. Nikamwona katikati ya mchanga, amepiga magoti, amechimba kisima mpaka mabega yanaishia ndani. Anaita. Haiti Masima. Anaita "Baba."

Nilisimama ukingoni. Kuna ngurumo ilikuwa inasikika kwa mbali, nikadhani ni treni. Waliokulia korongoni wanajua ninachotaka kusema. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani, kwetu hata tone halikudondoka. Maji yalikuja na magogo mbele, yana povu, yana harufu ya udongo na mavi ya ng'ombe. Nilipiga kelele. Alinyanyua kichwa akaniangalia mimi, hakuangalia maji. Kisha sikumwona.

Nilikimbia ukingoni nikilia hadi sauti ikaisha. Kulipokucha kijana mchunga mbuzi alimkuta chini huko, amekumbatia mgunga, maji yameshapungua. Yuko hai, mkono umevunjika, hana sauti. Shule nzima ikasema kijana yule ndiye Masima. Wakaimba. Yeye alifukuzwa shule kwa kutoroka usiku. Hakuna aliyeniuliza chochote. Sijawahi kumwambia kwamba ule mstari ni wangu. Ni miaka zaidi ya 15.

Zabibu za Hombolo

Yesu wangu.

Mama Wawili

Nimesoma nikaweka simu chini, nikaenda nje kwanza. Mdogo wangu, ulikuwa mtoto.

Mwana wa Bahi

Nilitaka kusema nilisema. Sisemi. Dada pole sana. Tafuta mchungaji au shehe wako, kulingana na imani yako, ulitue hilo mbele ya mtu. Halafu toa sadaka ya maji, changia kisima mahali.

Mtani Kutoka Iringa

Mtafute huyo rafiki kesho. Usiandike ujumbe. Panda basi, nenda na kuku, kaa chini mwambie.

Mzee wa Reli

Mimi nasema usimtafute. Mtu kajenga maisha yake, unakwenda kumfukulia kaburi la baba yake ili wewe upumue? Yeye alikwenda kwa ajili ya msiba wake. Hata bila mstari wako angekwenda.

Mama Wawili

Mzee wa Reli, hilo huna uhakika nalo. Naye ana haki ya kujua. Labda miaka yote hii anadhani aliitwa na kitu kweli.

Binti wa Korongo

Nakala ya Kijani, nimekaa nayo. Mwaka gani na wilaya gani, nitumie pembeni. Nauliza kwa sababu daftari nililosoma mimi lilikuwa la peni ya kijani. Mstari huo niliujua, niliuandika kwenye barua kwa mchumba wangu wa kwanza. Sikukusudia kukuongezea uchungu, nakwambia tu ulifika mbali.

Nakala ya Kijani

Ndicho ninachokiogopa. Sijui ni mabweni mangapi.

Ajuza wa Kongwa

Hamjambo. Nimeletewa uzi huu na mwanangu. Mimi nilikuwa shule nyingine, kidato cha pili 2004, kabla yenu. Madaftari yote matatu nilinakili kwa penseli na ninayo, yako kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti. Panya wamekula pembe za la kwanza. La pili ni zima.

Binti wa Korongo

Dada usituue. Mwisho! Masima anakula ule uwele?

Ajuza wa Kongwa

Anakula kiganja kimoja. Kinachobaki anakipanda. Mengine nitapiga picha kesho mchana mwanga ukiwa mzuri, penseli imefifia.

Nakala ya Kijani

Dada yangu shikamoo. Naomba uangalie la pili, katikati, Masima akishapotea. Neema anaenda korongoni saa ngapi?

Ajuza wa Kongwa

Marahaba mdogo wangu. Ngoja nivae miwani.

Ni asubuhi. Jua limeshatoka. Na hayuko peke yake, ameongozana na mama yake mdogo na wanawake wengine wa kijijini, wana ndoo. Anachimba kila mtu cha kwake. Neema hasemi kitu, anateka maji ya kawaida anajitwika anarudi. Anaonana naye siku ya tisa.

Nakala ya Kijani

Naomba picha ya ukurasa huo kwanza, kabla ya mwisho. Nataka kwenda nao.