Naomba ushauri: troli anayejiponya auawe vipi?

Ndugu zangu, naandika hadithi ya troli, yaani jitu la ngano, anayevamia Shela, Lamu, usiku. Akikatwa, nyama huota upya, hivyo kidonda lazima kichomwe kabla hakijajifunga. Shujaa wa kwanza atakata kano za nyuma ya goti ili jitu lianguke, shingo ifikike. Wa pili ashindilie mwenge wa matambara yaliyoloweshwa sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi.

Kuupasha upanga wenyewe hadi uwe mwekundu nimekataa: chuma hulainika, makali yakajikunja kwenye mfupa.

Au wamcheleweshe hadi alfajiri? Troli wa ngano za Norwei hugeuka jiwe akipigwa na jua. Nahofia kanuni mbili zitapunguza hofu. Mngechagua ipi?