Tupeane uzoefu: uanaharakati wa kijijini unaanzaje, na moyo unabakije?

Mdau wa Kaliua
Wakuu, vijana wengi huku Tabora wanauliza waanzie wapi. Wekeni hatua zenyewe.

Mdau wa Urambo
Kero moja tu. Barua inayobeba kisima, barabara na zahanati kwa pamoja hubaki mezani, maana kila ofisi inaona inamhusu mwingine. Kama ni kisima, wekeni daftari wiki nne: pampu ilikufa siku gani, ilipona lini, watu walichota wapi. Kisha barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja inabaki kwa mtendaji wa kijiji, ya pili irudi na mhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Bila mhuri, baada ya miezi miwili mtaambiwa haikufika. Mkiomba mapato na matumizi, itajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kujibu.

Mdau wa Nzega
Kwenye sahihi za wanakijiji wanaounga mkono barua: kichwa cha ombi kijirudie juu ya kila karatasi. Karatasi tupu yenye majina wazee huikana, wakidhani walisaini mahudhurio. Na msiandike "fulani kala hela" kama hamna risiti. Andikeni "tunaomba kusomewa mapato na matumizi".

Mdau wa Ujiji
Moyo huvunjika watu wasipokuja, lakini mara nyingi tatizo ni kalenda. Huku ziwani wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa hiyo ukiita mkutano siku zisizo na mbalamwezi utawapata wamelala mchana. Subiri mbalamwezi, wako nyumbani. Wakulima wa tumbaku nao Desemba na Januari waacheni shambani. Jamani, viti vitupu visiwakatishe tamaa kabla hamjaangalia msimu.

Mdau wa Urambo
Kweli kabisa. Na muwe watano hadi saba, ofisini mwende wawili au watatu. Akibeba mmoja, siku akitishwa au akihama jambo limekufa. Mhuri uliopatikana, waambieni watu wiki hiyohiyo. Wakisubiri hadi maji yatoke ndipo wasikie habari, watakuwa wameshachoka.

Mdau wa Kaliua
Ajenda je, ipelekwe lini?

Mdau wa Nzega
Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, kaka. Mpelekee mtendaji kwa maandishi kabla tangazo halijabandikwa. Ikiangukia kwenye "mengineyo" itafikiwa jioni, akina mama wameshaondoka kupika, na hao ndio wanaoijua foleni ya kisima.